Tuliwatafuta Lisbon, tukawapata Fall River: kisa cha ukoo wa King

Mavyaa wangu amefika miaka 80. Kazaliwa na kukulia New Bedford, mji wa bandari jimboni Massachusetts, na kabla ya kuolewa jina lake la ukoo lilikuwa King. Ukimuuliza asili yake, hujibu kama anayesoma dua: "Sisi ni Wareno, babu alitoka Lisbon, na jina letu lilibadilishwa na karani wa Ellis Island," kile kituo cha New York cha kupokea wahamiaji. La kwanza ni kweli. Mawili yaliyofuata si kweli hata chembe, na ndiyo yaliyomzungusha zaidi ya miaka kumi akitafuta watu wasiokuwepo.

Mimi ni mtoto wa Mombasa niliyeletwa huku na ndoa. Nilipoingia kwenye kazi hii sikuwa na ujuzi wowote wa nasaba za Wareno, ila nilijua jambo moja ambalo mavyaa hakulijua. Kwetu nyumbani tulikuwa na majirani wakiitwa De Souza na Fernandes, na hakuna aliyewahi kudhani wametoka Ureno. Ni Wagoa, na majina hayo wazee wao waliyapata walipobatizwa huko Goa chini ya utawala wa Wareno. Kwa hiyo tangu utotoni nilijua kwamba jina la Kireno linaweza kuvaliwa kama shati. Nitakisimulia kisa chenyewe kwa urefu kwa kuwa makosa tuliyoyafanya ni yale yale wanayoyafanya wengi. Majina ya wahusika nimeyabadilisha. Babu nitamwita Manuel, jambo ambalo halifichui chochote, maana kisiwani kwao kila nyumba ilikuwa na Manuel wake.

Tulianza na bati la biskuti. Ndani mlikuwa na rozari, picha moja ya studio, kadi ya mazishi, na cheti cha ndoa cha serikali cha mwaka 1915. Mahali pa kuzaliwa bwana harusi paliandikwa "Visiwa vya Magharibi". Mavyaa alikuwa amekipuuza cheti hicho miaka yote, akiamini karani alichanganyikiwa. Karani hakukosea. Hilo ndilo jina ambalo watu wa New England walizoea kuviita visiwa vya Azores, visiwa tisa vya Ureno katikati ya Atlantiki, ambako meli za kuwinda nyangumi za New Bedford zilikuwa zikitia nanga bandari ya Horta, kisiwani Faial, kuchukua maji, chakula na vijana wa kazi. Baada ya nyangumi vikaja viwanda vya pamba, na njia ikabaki ile ile. Wareno wengi wa New Bedford ni wa Azores, wengine wa Madeira, na wengine walitoka Kepuvede. Wa Lisbon ni wachache. Nadhani babu alisema Lisbon kwa sababu nyepesi tu: ndio mji wa Ureno ambao wenyeji walishausikia. Hata mimi huku husema natoka Nairobi nikichoka kueleza.

Habari ya Ellis Island nayo tuliimaliza kwa siku moja. Makarani wa kule hawakuwa wakiwapa watu majina. Walisoma orodha za abiria zilizoandikwa na kampuni ya meli kabla ya kuondoka. Isitoshe, Manuel hakupita New York kabisa. Kuanzia 1911 meli za kampuni ya Fabre ya Marseille zilikuwa zikishusha abiria Providence, jimbo jirani la Rhode Island, baada ya kupitia Azores, na humo tulimkuta mwaka 1912, kijana wa miaka 19, akiitwa Manuel Reis. Kwenye kadi ya kuandikishwa jeshini ya Juni 1917 bado ni Reis. Kwenye sensa ya 1920 amekuwa King. Reis kwa Kireno ni wafalme, hivyo jina limetafsiriwa tu, kama akina Pereira walivyogeuka Perry na akina Rodrigues wakawa Rogers. Aliyefanya hivyo ni mwenyewe, au msimamizi wake kiwandani. Haikuhitaji karani wala kisiwa.

Kadi ile ya 1917 ndiyo iliyotufungulia mlango. Ilimuuliza kila kijana mji aliozaliwa, si nchi tu, na jibu lake lilikuwa "Capello, Fayal". Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilisoma mstari huo mmoja nikaifunga picha. Habari ya uzembe huo nitaieleza baadaye.

Capelo ni parokia iliyo ncha ya magharibi ya Faial, na parokia ndiyo anwani halisi ya Mreno wa zamani. Uandikishaji wa kiserikali ulikuja kuwa lazima Ureno mwaka 1911, baada ya mfalme kuondolewa na jamhuri kutangazwa Oktoba 1910. Kabla ya hapo mtu alizaliwa, akaoa na akafa katika vitabu vya padri. Vitabu vya Azores vimepigwa picha na kuwekwa mtandaoni bila malipo, kisiwa kwa kisiwa, parokia kwa parokia. Ukijua kisiwa bila parokia, utakufa ukisoma. Ukijua parokia, kazi ni ya jioni kadhaa na miwani nzuri.

Niliposoma ukurasa wa kwanza nilicheka peke yangu. Nani asiyemjua padre? Igreja, kanisa, ndilo neno wanalosema wataalamu limetuzalia gereza. Baada ya hapo kicheko kikakauka. Maandishi ya mkono yamelala kama nyasi zilizopigwa na kusi, Manuel ameandikwa Manoel au kufupishwa M.el, António ni Ant.º, na mtoto anayebatizwa hapewi jina la ukoo kabisa. Anaandikwa Manoel, basi. Majina ya ukoo ni ya wazazi, na tangu 1860 mababu wa pande zote mbili hutajwa pia.

Tulipata akina Manoel watatu waliobatizwa Capelo kati ya 1892 na 1894 ambao wangeweza kuwa wetu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na baba aitwaye Reis. Mavyaa alitaka kuacha. Cheti cha serikali kilisema baba wa bwana harusi ni "Antone Reis", na yeye alikiamini kwa kuwa kina muhuri.

Ndipo nikapendekeza tuache serikali tumuulize padri wa huku. Manuel alifunga ndoa katika kanisa la Mtakatifu Yohane Mbatizaji, New Bedford, parokia ya kwanza ya Wareno Amerika ya Kaskazini, iliyoanzishwa 1871. Padri Mreno anayemwandika Mreno mwenzake haulizi "jina la baba yako nani" akaongezea Reis kwa kukisia. Anauliza kama walivyouliza kwao. Nakala tuliyopewa ilisema: mwana wa António Dutra na Ana dos Reis.

Hapo kila kitu kikakaa sawa. Reis lilikuwa jina la mama. Pengine hata si jina la ukoo kwa maana tuliyoizoea: wanawake wa vijijini mara nyingi walibeba majina ya ibada, dos Reis kwa Mamajusi, do Rosário, de Jesus, da Conceição, na dada wawili wa tumbo moja wangeweza kuwa na mawili tofauti. Watoto nao walichagua, au walichaguliwa na mazoea ya kijiji: huyu kafuata baba, yule kafuata mama, mwingine kafuata jina la utani la babu. Katika watoto wa António na Ana, Manuel aliondoka akiwa Reis. Mdogo wake, nitamwita João, alibaki akiwa Dutra. Mavyaa alikuwa ametumia muongo mzima kutafuta wafalme, na damu yake iko kwa akina Dutra.

Kitabu cha ubatizo kina kitu kingine ambacho mgeni hukipita: pambizo. Mtu akija kuoa au kufa miaka mingi baadaye, mara nyingi karani alirudi kwenye ukurasa wa ubatizo akaandika pembeni. Pambizo la Manoel wa 1893 ni jeupe kabisa, na weupe huo, ingawa si ushahidi tosha, ni dalili kwamba huenda mtu huyu aliondoka. Pambizo la João wa 1897 limejaa. Alioa 1921, akafa 1961, vyote Capelo. Kwa wanaotafuta ndugu walio hai, ubatizo wa aliyebaki una faida kuliko wa aliyehama. Tulijifunza hilo kwa bahati, na laiti ningelijua mapema ningeanza na ndugu zake wote sita.

Lakini baada ya João njia iliziba. Ureno haiweki wazi hati za kuzaliwa mpaka miaka 100 ipite, za ndoa 50, za vifo 30. Watoto wa João wamo ndani ya miaka hiyo.

Kilichotuvusha kilikuwa kimelala kwenye simu ya mavyaa kwa miaka mitatu. Alipima vinasaba kama zawadi ya Krismasi, na juu kabisa ya orodha ya jamaa zake alikuwepo bwana mmoja wa Fall River mwenye sentimogani 310, kipimo cha vinasaba ambavyo watu wawili wanashirikiana. Mavyaa hakuwahi kumwandikia, kwa kuwa jina lake halikuwa King wala Reis. Halikuwa Dutra pia, maana ni mtoto wa binti. Nilipofungua mti wake mfupi wa ukoo, babu mzaa mama alikuwa João Dutra, Capelo.

Neno moja kuhusu hiyo 310. Wajukuu wa ndugu wawili, kwa wastani, hushirikiana kama sentimogani 230, na mtu asiye na subira angesema hawa wako karibu zaidi. Hawako. Kwenye kitabu cha ndoa cha António na Ana, padri ameandika kwamba walipewa ruhusa ya kanisa licha ya kuwa na undugu wa daraja la nne, yaani wanakutana kwa wazazi wa mababu wa wazazi wao. Kisiwani kila mtu ni jamaa mara mbili, mara tatu. Vinasaba vya watu wa namna hiyo husema "ndugu" kwa sauti kubwa kuliko ukweli, na mti wa karatasi ndio wa kuvituliza.

Fall River iko mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka New Bedford. Mavyaa amekuwa akienda huko kununua soseji za linguiça maisha yake yote.

Sasa nieleze kosa letu la barua, kwa sababu hapa ndipo ningeweza kuharibu kila kitu. Ujumbe wa kwanza kwa yule bwana niliuandika mimi, kwa Kiingereza, mrefu, wenye mti wa vizazi sita na maswali kumi na moja. Swali la tisa liliomba nakala za hati za shamba la Capelo, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba hati za mirathi hutaja warithi wote na ni hazina kwa mtafuta nasaba. Ni kweli ni hazina. Miezi mitatu hatukujibiwa.

Mama mmoja wa ushirika wa Roho Mtakatifu, ule unaoandaa karamu za kila mwaka za Waazores, alipousikia ujumbe wangu alijipiga paji la uso. Sheria ya Ureno huwapa watoto wote urithi kwa pamoja, na ardhi isipogawanywa hubaki ya wote, kizazi baada ya kizazi, hata waliokwenda Marekani wakasahau. Mwenye kutaka kuuza kipande cha babu anaweza kujikuta akihitaji saini za watu ambao hajawahi kuwaona. Sasa mgeni anatokea hewani, anasema ni wa damu yenu, anaomba hati za shamba. Wewe ungejibu? Mtu wa Pwani, ambaye amekua akisikia kesi za viwanja vya mababu, nilipaswa kuwa wa mwisho kufanya kosa hilo.

Ujumbe wa pili aliuandika mama huyo kwa jina la mavyaa, nusu ukurasa, kwa Kireno: mimi ni mjukuu wa Manuel, kaka yake João wa Capelo, sitaki kitu, nina picha yake, namba yangu ya simu ni hii. Siku ya pili simu ikalia. Hakuwa yule bwana. Alikuwa mama yake, mtoto wa João, mwenye miaka 91, na kabla ya salamu kuisha aliuliza: "És neta de quem?" Wewe mjukuu wa nani? Alikuwa ameshausoma ujumbe. Alitaka kusikia jibu kwa sauti.

Kwa hesabu za Kiingereza, mama huyu na mavyaa wana undugu wenye jina refu linalohitaji mchoro. Nilimwambia mavyaa aachane nayo: ni binti wa mdogo wa babu yako, binamu wa baba yako, basi huyo ni shangazi. Akalipenda neno. Sasa familia nzima, Wareno na Wamarekani, wanamwita Shangazi, na yeye anadhani ni Kireno kibovu cha New Bedford.

Tulikwenda Jumapili. Mezani palikuwa na sopas, mkate uliolowekwa kwenye mchuzi wa nyama, na massa sovada, mkate mtamu wenye mayai, na sahani ya malassadas ambazo wanangu walizitambua mara moja: mahamri yaliyokosa iliki. Shangazi akisema mesa nasikia meza, akisema bandeira nasikia bendera, akijifuta na lenço wake nikamwonyesha leso yangu. Ukutani, kando ya Moyo Mtakatifu, palikuwa na picha ya Kennedy.

Picha hiyo ina sababu yake. Tarehe 27 Septemba 1957 bahari ilianza kuchemka mbele ya mnara wa taa wa Capelinhos, hapo hapo parokia ya Capelo, na volkano ile haikunyamaza hadi Oktoba 1958. Majivu yalifunika mashamba, yakavunja mapaa. Shangazi alikuwa kijana ameolewa karibuni. Anakumbuka wakikwangua paa kwa koleo usiku, na asubuhi kukuta uzito umerudi pale pale. Kennedy, wakati huo seneta wa Massachusetts, pamoja na Pastore wa Rhode Island, walipitisha sheria ya wakimbizi wa Azores ya 1958, viza 1,500 kwa wakuu wa familia. Mume wa Shangazi alipata moja. Mwaka 1959 walifika Fall River.

"Na hamkumtafuta Manuel?" mavyaa akauliza.

Chumba kikapoa. Shangazi aliweka kijiko chini. Kwao, alisema, jina la Manuel lilitajwa kwa uchungu. Alipoondoka aliahidi kumpelekea mdogo wake carta de chamada, barua ya mwito, ile ambayo mhamiaji alimtumia jamaa ili aruhusiwe kumfuata. Mwanzoni alikuwa akiandika kila Krismasi, na hati ya mkono wake ilikuwa nzuri kama ya padri. João alikuwa akiwaonyesha watu. Barua ya mwisho ilifika 1920. Halafu kimya. João alikufa akiamini kaka yake alisoma, akatajirika, akawaonea aibu.

Nilijaribu kueleza sheria. Tangu 1917 Marekani ilimtaka kila mgeni wa zaidi ya miaka 16 ajue kusoma, na João hakujua. Kisha 1921 ikaweka idadi kwa kila nchi, na 1924 ikaipa Ureno nzima nafasi 503 kwa mwaka. Hata barua ya mwito ingefika, ingegonga ukuta. Shangazi alinisikiliza kwa adabu. Halikuwa jibu la swali lake. Aliuliza kwa nini aliacha kuandika, nami namjibu habari za viza.

Usiku ule niliifungua upya kadi ya 1917, safari hii nikaisoma yote. Mahali pa saini pana msalaba, na pembeni mkono wa mtu mwingine umeandika "alama yake". Nikaenda kwenye sensa ya 1920: anajua kusoma, hapana; anajua kuandika, hapana. Pia si raia, na sasa naona kwa nini: sheria ya 1906 ilitaka mwombaji atie saini kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo ile hati nzuri haikuwa yake. Nyumba aliyopanga, moja ya zile za mbao za ghorofa tatu zilizojaa karibu na viwanda, ilikuwa na familia tatu mwaka huo. Katika ukurasa wa sensa mtu mzima mmoja tu wa nyumba ile ana "ndiyo" kwenye safu ya kuandika: kinyozi wa ghorofa ya chini, mzaliwa wa Azores. Katika kitabu cha anwani za mji cha mwaka uliofuata hayumo tena.

Jumapili ya pili nilimpelekea Shangazi nakala ya kadi. Aliishika karibu na dirisha, akaupitishia kidole ule msalaba, juu hadi chini, kisha kushoto kulia, kama anayebariki unga. Hakusema lolote juu ya Manuel. Aligeukia sensa, akaweka kidole kwenye mstari wa kinyozi, akaniuliza huyu naye ni wa nani, na alitoka kisiwa gani.